Kurekebisha sauti ya nyatiti kwenye Kontakt ukiendelea kupiga

Wapiga kibodi wa Kisumu mnaotumia sampuli (sauti zilizorekodiwa) za nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwenye Kontakt, programu ya kompyuta ya kupigia sampuli kwa kibodi: si lazima usimamishe wimbo ili urekebishe sauti. Bonyeza alama ya spana kwenye kona ya ala ndani ya programu, sehemu ya kuhariri ifunguke huku noti zikiendelea kulia.

Kabla ya kugusa chochote, tazama kitufe cha Edit All Groups (hariri makundi yote ya sampuli). Kikiwa kimezimwa, badiliko linaingia kwenye kundi moja tu, na ghafla nyuzi mbili zinasikika kama za ala nyingine kabisa. Hapa ndipo wengi hupotea.

Kisha nenda kwenye umbo la sauti (envelope), linaloamua sauti inavyoanza na kufifia. Release, yaani muda wa sauti kufifia baada ya kuachia kitufe, ikiwa sufuri, kila ukiachia kitufe utasikia "tak", kwa sababu wimbi la sauti limekatwa katikati. Anza na milisekunde 80 hadi 150, uongeze kwa sikio. Ikizidi sana, noti zinarundikana na mdundo wa ohangla, muziki wa Waluo, unakuwa uji.

Angalia pia idadi ya sauti za pamoja (voices), yaani sampuli ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja. Nyatiti ina nyuzi 8, lakini kila noti ikiwa na tabaka 2 za sampuli inakula sauti 2. Ukiweka kikomo cha 8, noti ya 5 inaanza kukata ya kwanza. Weka 24.

Hifadhi kwa jina jipya, kamwe usifute faili ya awali. Ukihamia laptopu nyingine, hifadhi pamoja na sampuli zake, la sivyo programu itaanza kuzitafuta na ibada unayopigia ishaanza.