Orodha Inayobadilika Bila Kupakia Ukurasa Upya: Jinsi ya Kuipa Anwani Yake

Tuchukulie tovuti ya nyumba za kupanga mjini Lubumbashi. Mpangaji anachagua tarafa ya Katuba, anaweka kikomo cha dola 150 kwa mwezi, na orodha inabadilika palepale bila ukurasa kupakiwa upya, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa anayenunua mega kidogo kidogo. Lakini anapomtumia dada yake kiungo kwa WhatsApp, dada anafungua na kukuta nyumba za mji mzima, kwa sababu anwani iliyo juu ya kivinjari haikubadilika hata herufi moja. Injini ya utafutaji nayo haiwezi kuionyesha orodha hiyo ya Katuba, maana kwake kisicho na anwani hakipo.

Hatua ya 1. Amua ni hali zipi za ukurasa zinazostahili anwani. Kipimo changu ni kimoja: ikiwa mtu angetaka kuihifadhi au kumwonyesha mwenzake, ipewe. Tarafa na bei zinastahili. Menyu iliyofunguliwa haistahili. Andika anwani inayosomeka, kama /nyumba/katuba?bei=150, wala usiifiche hali hiyo nyuma ya alama ya reli (#), kwa kuwa kinachofuata alama hiyo kivinjari hakikipeleki kwa seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za tovuti. Mwaka 2009 Google ilipendekeza kukikwepa kikwazo hicho kwa #!, kisha mwaka 2015 ikatangaza kwamba haiipendekezi tena njia hiyo. Mafunzo ya zamani yanayoifundisha bado yapo, na ni heri kuyapita.

Hatua ya 2. Majina ya tarafa yawe viungo halisi:

<a href="/nyumba/katuba">Katuba</a>

Googlebot, roboti ya Google inayopitia kurasa za mtandao, hufuata viungo vyenye href, haibonyezi vitufe. JavaScript, msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, ndiyo itakayouzuia mbofyo kwa preventDefault (ili kivinjari kisifungue kiungo chenyewe) na kuleta orodha peke yake, isipokuwa mtu akiwa ameshikilia Ctrl, kwani huyo anataka kichupo kipya.

Hatua ya 3. Orodha ikishafika, badilisha anwani:

history.pushState({}, "", "/nyumba/katuba");
document.title = "Nyumba za kupanga Katuba";

Hoja ya pili ya pushState, yaani "" iliyo katikati ya mabano, imeachwa tupu kwa sababu vivinjari karibu vyote huipuuza, ndiyo maana kichwa kinaandikwa kwa mstari wake. Kwa kitelezi cha bei tumia replaceState, ambayo hubadilisha anwani bila kuongeza hatua mpya kwenye historia ya kivinjari, ili aliyekivuta kutoka 300 hadi 150 asilazimike kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma mara kumi ndipo atoke.

Hatua ya 4. Sikiliza tukio la popstate, linalotokea mtu anaporudi nyuma au kwenda mbele, lakini halitokei unapoita pushState mwenyewe. Andika fanksheni moja inayosoma location (anwani ya sasa) na kuchora orodha, kisha iite katika hali zote: ukurasa unapofunguka, kiungo kinapobofywa, na popstate inapotokea.

Hatua ya 5 ndiyo inayosahauliwa na wengi. pushState hubadilisha maandishi ya anwani tu. Kivinjari hakimwulizi mtu yeyote kama anwani hiyo ipo. Simu ya dada ndiyo itakayomwuliza seva, na seva lazima ijibu kwa HTML (msimbo wa ukurasa wenyewe) kamili yenye nyumba za Katuba, kichwa chake na maelezo yake. Googlebot huweza kuendesha JavaScript, ila kazi hiyo hupangiwa foleni. WhatsApp, inapoandaa picha na kichwa cha kiungo, husoma HTML kama ilivyotoka kwa seva. Tarafa isiyokuwepo irudishiwe 404 (jibu la "haipatikani"), si ukurasa wa 200 (jibu la "sawa") unaosema hakuna nyumba. Anwani zenye ?bei= ziwe na rel="canonical", alama inayoiambia injini ya utafutaji anwani iliyo kuu, inayoelekeza /nyumba/katuba, nayo /nyumba/katuba iorodheshwe ndani ya sitemap.xml, faili la orodha ya kurasa za tovuti.

Kupima hakuhitaji zana za gharama. Nakili anwani na uifungue katika dirisha la faragha, kisha zima JavaScript na uifungue tena. Mwishowe iite kwa curl, programu inayoleta HTML ya seva bila kivinjari, na utafute bei ya nyumba mojawapo ndani ya matokeo. Isipoonekana hapo, rudi hatua ya 5.