Kutibu Jipu la Mtu Mzima Katika Kituo Chenye Vifaa Vichache

Nawaandikia matabibu na wauguzi wenzangu wa vituo vya Pemba, hasa wanaojua msimu wa karafuu ulivyo, wachumaji wanapofika na majipu ya kwapa na mapaja ilhali kabatini zimebaki pakiti mbili za shashi. Wengi wao huomba vidonge vya rangi mbili waende zao. Usaha uliokwisha kujikusanya hautolewi na vidonge. Hutolewa na kisu.

Kwanza, hakikisha limeiva. Weka vidole viwili juu ya uvimbe, kisha bonyeza kwa kimoja. Cha pili kikisukumwa na majimaji, limeiva. Likiwa bado gumu, mwelekeze mgonjwa alikande kwa kitambaa safi na maji ya moto yasiyounguza, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, arudi baada ya siku moja au mbili. Uvimbe unaodunda kama mshipa usiupasue kamwe, kwani huenda ni mshipa wa damu uliotanuka. Jipu la karibu na pua au mdomo wa juu, la shingo, la titi, la kiganja au la karibu na njia ya haja kubwa, mpe rufaa Chake Chake, Wete au Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani.

Pili, andaa vifaa. Kisu kiwe kipya. Koleo, kama hakuna mashine ya kutakasia, kuichemsha dakika 20 ni njia ya dharura tu, kwa sababu mbegu za pepopunda huweza kusalimika. Maji ya kusafishia tunayatengeneza wenyewe: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na chumvi gramu 9, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, cha kusawazisha.

Tatu, ganzi. Lignokaini ya asilimia 1 isizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 asipite mililita 18. Ndani ya jipu mna asidi na ganzi haishiki, kwa hiyo ichome kwenye ngozi pembezoni, kulizunguka lote, usubiri dakika 5. Mwambie mapema: “Mjomba, itachoma kidogo, stahamili.”

Nne, pasua palipo laini zaidi, ukifuata mikunjo ya ngozi. Hapa niliwahi kukosea: nilimwonea huruma mgonjwa nikapasua tundu dogo, likajifunga siku ya tatu, akarudi na jipu lile lile. Mpasuo uiruhusu koleo kuingia na kufunguka, ivunje vyumba vya usaha vilivyojificha. Osha mpaka maji yatoke safi, bila usaha. Usishone. Jipu lisilofika sentimita 5 halihitaji kujazwa shashi ndani. Lifunike tu, nasi tunaokoa shashi.

Antibayotiki mpe mwenye homa, wekundu unaosambaa, kisukari au kinga dhaifu: kloksasilini (ya jamii ya penisilini) miligramu 500 kila saa 6 kwa siku 5 hadi 7, baada ya kumuuliza kama penisilini humdhuru. Mpime sukari, na umuulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Arudi baada ya siku mbili. Ukikuta wekundu umevuka mstari uliouchora kwa kalamu kuuzunguka siku ya kwanza, au homa haijashuka, asilale kituoni. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.