Kuhamishia Masomo Mombasa Baada ya Kukatizwa na Vita

Ikiwa ulirudi Mombasa baada ya vita kuzuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, na vyeti vyako vimebaki Khartoum, usikimbilie kuanza upya mwaka wa kwanza. Kusanya kila karatasi iliyosalia: barua ya kukubaliwa, risiti za karo, hata picha ya matokeo iliyomo kwenye simu, kisha zile za Kiarabu zitafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya. Unapoomba uhamisho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, ambatanisha muhtasari wa kila somo ulilofanya, kwani jina la somo pekee, kwa maoni yangu, halimridhishi mkuu wa idara. Asiyeweza kungoja aulizie kozi fupi za ubaharia Bandari Maritime Academy.