Jinsi ya kuunda altimita ya rada ya setilaiti na kuijaribu kabla haijaruka

Wakuu, ukisikia rada unawaza ndege na meli, ila hii altimita (kipimo cha umbali toka setilaiti hadi uso wa bahari) haitafuti kitu, inapiga pigo la redio chini na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi, basi. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon (1992) ilikaa kilomita 1,336 juu, mwangwi unarudi baada ya milisekunde 8.9 hivi, na ukitaka usawa wa bahari kwa sentimita moja usikosee huo muda kwa zaidi ya pikosekunde 67. Ndo maana nasema anza na saa, antena baadaye. Osileta (mdundo unaoendesha saa) ikipotoka sehemu saba na nusu kwa bilioni, sentimita yako ishaondoka.

Frikwensi: bendi ya Ku, gigahezi 13.6 hivi, na pembeni weka bendi ya C, gigahezi 5.3, manake ayonosfia (tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme) inachelewesha frikwensi ya chini zaidi kuliko ya juu, sasa tofauti ya hizo mbili ndo inakwambia utoe kiasi gani. Mvuke wa maji haukamatiki kwa ujanja huo, huo unadai radiomita yake (kifaa cha kupima mionzi ya mvuke wenyewe).

Pigo lisiwe fupi, nguvu utaitoa wapi? Tuma refu la maikrosekunde 100 hivi ambalo frikwensi yake inapanda megahezi 320, likirudi lichanganye na kopi yake, uchelewaji unageuka kuwa tofauti ya frikwensi. Hapo hatua yako moja ya umbali ni kama sm 47. Sentimita inatoka wapi sasa? Unapiga mapigo elfu mbili hivi kwa sekunde, unachukua wastani, halafu unalinganisha umbo zima la mwangwi na modeli ya Brown (hesabu ya umbo ambalo mwangwi wa bahari unatakiwa kuwa nalo). Bahari ikiwa shwari ukingo wa mbele unasimama kama ukuta, ikichafuka unalala kama mteremko, kwa hiyo urefu wa mawimbi unaupata bure humohumo.

Kwenye majaribio ndo kuna kazi. Mtikisiko na chemba ya vakyumu kila mtu anafanya, wewe komaa na hili: pitisha pigo ndani kwa ndani, transmita mpaka risiva bila kugusa antena, andika uchelewaji wake kwa kila joto, baridi na moto, maana huko juu ndo utakachotoa. Kuigiza safari nzima ya pigo kwa faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) ungehitaji kama kilomita 1,800 za waya, kwa hiyo watu wanatumia kiigizaji cha kidijitali, faiba fupi inabaki ya kuhakiki tu. Na hata hiyo ifunike vizuri, rola ya kilomita mbili ikipata joto digrii moja (mtu kazima AC akaenda kula) kipimo kinahama kama sentimita nzima, utakesha unatafuta kosa kwenye saketi ambayo haina kosa.

Programu ya kusahihisha saa ijaribu vilevile. Ya TOPEX ilikuwa na kosa, bahari ikaonekana inapanda haraka kuliko kweli, na 1996 ndo likagundulika, vipimo vya maji vya pwani vilikuwa havikubaliani nayo.

Ikisharuka linganisha na sehemu ambayo kimo chake unakijua: TOPEX ilikuwa na jukwaa la mafuta la Harvest huko California, siku hizi kuna transponda (kifaa kinachopokea pigo na kulirudisha) kisiwani Crete, Ugiriki. Ziwa Victoria nalo linapimika vizuri, ila chukua mwangwi wa katikati ya ziwa, karibu na ufukwe nchi kavu inaingia kwenye mwangwi na umbo linavurugika kabisa.