Kutakasa Uso wa Kifaa kwa Plazma Baridi
Kabla ya kuwasha mashine ya plazma, osha uso unaokusudia kuutakasa kwa maji na sabuni, kisha uukaushe kabisa, kwa sababu bakteria waliofunikwa na mafuta au ute hawafikiwi kwa urahisi. Pitisha ncha ya mashine polepole, milimita chache tu juu ya uso. Ule mwale hafifu wa zambarau unaotoka kwenye ncha ndio plazma, yaani gesi ambayo baadhi ya atomi zake zimepokonywa elektroni. Ikikutana na hewa huzalisha ozoni na aina nyingine za oksijeni kali, ambazo hutoboa utando wa seli ya bakteria na kuharibu DNA yake, ilhali gesi yenyewe haiunguzi hata plastiki. Spora, yaani bakteria waliojifunga ndani ya ganda gumu, ni sugu zaidi, hivyo huhitaji muda mrefu. Ukisikia harufu kali ya ozoni, ongeza hewa chumbani mara moja, maana hudhuru mapafu.