Kikao cha familia kinachoanza na sehemu yako mwenyewe

Kabla hujaita mtu yeyote kwenye kikao, nyamazisha kikundi cha familia cha WhatsApp. Mwombe msimamizi akifunge, wasimamizi pekee ndio waweze kuandika, mpaka mambo yaishe. Ugomvi mwingi wa nyumba zetu kule Kakamega siku hizi hauzaliwi shambani. Unazaliwa usiku kwenye simu, pale aliye Nairobi anapouliza nani hajatuma mchango wa hospitali ya mama, na aliyebaki nyumbani kumwogesha mama anayasoma maneno hayo akiwa hoi.

Mimi ni senje, yaani shangazi, katika ukoo mkubwa, naishi Kisumu, na mambo ya aina hii huletwa kwangu. Njia ninayoifuata ni ya Wahawaii, wenyeji wa visiwa vya Pasifiki, nao huiita ho'oponopono. Zamani mtu akiugua na dawa zikikataa, mzee aliikusanya familia nzima na kuuliza ni nani ana kinyongo na nani, kwa kuwa waliamini hasira iliyofichwa nyumbani inaweza kumlaza mtu kitandani. Mary Kawena Pukui, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1895 na kulelewa na nyanya yake, aliyajua haya tangu utotoni, na maelezo yake ya hatua kwa hatua yalichapishwa mwaka 1972. Mwaka 1976 Morrnah Simeona, mganga wa jadi, alianza kuibadilisha ili mtu aweze kuifanya akiwa peke yake. Kwa wanafunzi waliomfuata ndiko yalikoenea yale maneno manne ambayo wengi mmeyaona mtandaoni: samahani, nisamehe, asante, nakupenda.

Mimi natumia njia zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Ya peke yako hutangulia.

Kila atakayekuja kikaoni achukue karatasi usiku wa kabla yake. Juu aandike ugomvi wenyewe kwa sentensi moja. Chini aandike sehemu yake tu, kila sentensi ianze na "mimi", na maneno "kwa sababu yeye" yasionekane popote. Hii ni kazi ngumu kuliko zote nitakazozitaja hapa. Mkono wenyewe unakimbilia makosa ya ndugu yako. Yaandike hayo kwenye karatasi nyingine ukitaka, kisha uichome jikoni. Sentensi unayoitafuta ni kama hii, ya binti anayemlea mama: "Mimi nilijua tangu Jumatatu dawa zimebaki kidogo, nikanyamaza ziishe ili waone aibu." Au ya kaka mwenye kazi mjini: "Mimi hutuma pesa ili nisiulizwe kwa nini siji." Ukisoma ulichoandika na moyo usishtuke hata kidogo, bado hujafika, endelea kuandika.

Ukishafika, yaseme yale maneno manne polepole, ukiwa na kosa hilo moja mbele yako. Mimi namwambia Mungu. Mwingine humwambia aliyemkosea kana kwamba yuko chumbani. Rudia mpaka uone hasira imelegea, kisha lala. Usiishie hapo ukadhani umemaliza, maana ndugu yako hakusikia lolote, na deni lako kwake liko palepale.

Nieleze jambo moja bila kuficha. Wapo wanaofundisha kwamba kila baya linalokuzunguka umelisababisha wewe, na ukijisafisha litaondoka. Hapo siwafuati. Mke anayepigwa hana karatasi ya kuandika, na mtoto aliyenajisiwa haletwi kikaoni kusamehe. Hao wapelekwe hospitali na polisi. Hapa Kenya simu 1195 hupokea kesi za ukatili bila malipo. Na mgonjwa aendelee na dawa zake, familia ipatane au isipatane.

Sasa kikao. Kiongozi awe mtu anayeheshimiwa na pande zote, asiye na shilingi wala ekari katika ugomvi huo. Panga viti mapema, maana kwa mila zetu mke wa mwana hawezi kukaa karibu na baba mkwe. Mpe nafasi karibu na mlango, lakini awemo. Chakula kipikwe asubuhi kikafunikwe. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vikao ambavyo wanaojua ukweli wote wako jikoni wanakoroga ugali. Aliye Qatar au Marekani apigiwe, simu iwekwe mezani kwa sauti.

Fungueni kwa sala, kama Wahawaii wenyewe wafanyavyo. Kiongozi ataje jambo moja tu. Kama ni mchango wa hospitali, mpaka wa shamba usubiri siku yake. Kisha kuna kanuni ambayo naipenda kuliko zote: kila mtu azungumze na kiongozi, asimgeukie mwenzake. Badala ya "wewe ulisema", atasema "Senje, mimi niliposikia hivyo niliumia." Sauti zikipanda, kiongozi aamuru kimya, hata dakika kumi, watu watoke waangalie ng'ombe wakitaka, lakini wasinong'onezane vikundi vikundi. Wakirudi, kila mmoja asome karatasi yake. Mkubwa wa umri aanze. Kitinda mimba akitangulia, wakubwa watampa makosa yote.

Kuomba msamaha ndiko pekee ambako watu hugeukiana. Anayeomba ataje kosa kwa jina lake. Anayeombwa ajibu kwa kinywa, asiishie kutikisa kichwa, na kama bado hayuko tayari aseme hivyo, kikao kipangwe tena. Msimlazimishe. Kwa Wahawaii kusamehe hufungua pande mbili: aliyekosa anaachiliwa, na aliyekosewa naye anaiachilia kamba aliyokuwa ameishika.

Palipo na hasara, lipeni. Andikeni nani atatuma kiasi gani, tarehe gani, moja kwa moja kwenye simu ya anayemlea mama, na kiongozi aulizie siku hiyo ikifika. Mchango wa asiye na pesa uwe siku zake: wikendi moja kila mwezi ya kumlea mama ili dada akapumzike.

Baada ya sala ya kufunga, ndipo kuku aletwe. Wote mle pamoja, hata aliyesema hajawa tayari. Kuanzia hapo jambo lililomalizika halitajwi tena, na akilianzisha mtu matangani au Krismasi, yeyote aliyekuwepo ana ruhusa ya kumkatiza, hata akiwa mdogo wake.