Ndege wawindaji: anza na mwewe wa hapa mtaani

Mzazi wa Bukavu, mtoto akikuuliza habari za ndege wawindaji, usikimbilie simu. Mtoe nje mchana mtazame mwewe wanaozunguka juu ya soko la Kadutu au kando ya Ziwa Kivu. Mwonyeshe mkia kwanza: una panda, na mwewe huupindapinda kila anapogeuka, ndio usukani wake. Kisha miguu. Watoto wengi hudhani ndege hawa hukamata kwa mdomo, kumbe hukamata kwa kucha. Mdomo uliopinda ni wa kuchana nyama. Mpe kitambaa akinyakue kwa vidole vilivyokunjwa, ataelewa papo hapo.

Bundi naomba umtetee. Watoto wetu hukua wakiambiwa ni ndege wa wachawi, wengine humpiga mawe, na inauma sana. Mwambie ukweli: bundi hula panya, huruka bila kelele, na kwa kuwa macho yake hayazunguki, hugeuza shingo hadi nyuzi 270. Mwache ajaribu kwa shingo yake, polepole!

Mkitazama mwewe, vifaranga vya kuku vifunikwe.